Nilivyozitoa Namba za Ziwa Kwenye Unix

Vijana wanaokuja kwangu na simu zilizokufa ni wa aina mbili: wanaoanza na shikamoo, na wanaoanza kwa kuuliza nenosiri la intaneti. Haya nawaandikia wote wawili.

Naitwa Veronika, lakini hapa Maisaka ukiulizia Veronika utazungushwa mitaa yote. Uliza Mama Happy. Nilikuja Babati kutoka Singida nikiwa mpiga chapa, nimefunga taipureta kwenye kanga, na nikastaafu nikiwa mtu wa kompyuta. Katikati hapo sikwenda chuo. Nawaambia mapema ili anayetaka cheti changu asiendelee kusoma.

Nimechoka kusikia mkisema kitu cha zamani hakina maana. Mnaifungua mashine ya watu, mnacheka, mnasema "mama, hii tupa," halafu mnaondoka. Hamjauliza hata ndani kuna nini. Mimi nilishawahi kuambiwa nitupe, na bosi wangu, kwa maandishi. Sikutupa. Na sijawahi kuomba msamaha.

Ofisi yetu ya wakati ule ilishughulika na maji. Ulikuja mradi, na mradi ukaja na kompyuta moja nzito kama gunia la mahindi. Ilikuwa inaendeshwa na Unix. Hamna panya, hamna picha, hamna dirisha la kubonyeza. Kioo cheusi na herufi za kijani, na wewe unaandika amri. Mtaalamu wa mradi alinifundisha wiki tatu kisha akaenda zake. Siku ya kuaga aliniambia, "Usiiogope, ila usiiamrishe kitu usichokijua. Hii haikuulizi mara mbili."

Kazi yangu ilikuwa kuingiza namba za ziwa. Kando ya ziwa letu palisimikwa ubao wenye namba, na kila asubuhi mtu mmoja alikwenda kuangalia maji yamefika alama gani. Mtu huyo alikuwa Mzee Sulle, Mwiraqw wa Mutuka, mrefu, mkimya, mwenye baiskeli nyeusi isiyo na kengele. Alisoma, aliandika kwenye daftari kubwa, kila Ijumaa akaniletea. Jua, mvua, sikukuu. Miaka na miaka.

Sasa nitawaambia nilivyoharibu, maana mtu asiyekwambia alivyoharibu hajakufundisha.

Nilitaka kufuta faili fulani za kazi ambazo zilikuwa zimekwisha matumizi. Zote ziliishia na neno moja, kwa hiyo unaandika amri ya kufuta, unaweka nyota, unaunganisha na hilo neno. Mimi nikaweka nyota, kidole kikagusa nafasi, ndipo nikaandika lile neno. Kwa Unix, nyota ikisimama peke yake maana yake ni kila kitu. Ikafuta kila kitu. Haikuniuliza. Nilikuwa na nakala kwenye utepe, kama ule wa kaseti, lakini ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Miezi mitatu ya ziwa ikapotea kwa nafasi moja.

Nililia chooni. Kisha nikamtumia Mzee Sulle ujumbe kwamba nimeua kazi yake.

Kesho yake alikuja na daftari. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akasema, "Mama Happy, mimi nasoma, wewe andika." Tulikaa siku mbili, yeye anatamka namba kwa ile lafudhi yake ya kooni, mimi naandika. Tukafika tarehe moja haina namba.

"Hapa weka ya jana yake tu," nikamwambia. "Maji hayawezi kuwa yamebadilika kwa siku moja."

Akafunga daftari. "Sikuiona. Nitakupaje namba ambayo sikuiona?"

"Mzee, ni ya siku moja tu."

"Basi siku moja hiyo acha wazi, uandike sababu."

Kwenye ile programu palikuwa na sehemu ndogo ya maelezo, herufi sita tu. Tukaandika sababu. Zaidi yake hakuna aliyejua kosa langu mpaka leo ninapolitangaza mwenyewe.

Miaka ikaenda. Mradi ukaisha, kama miradi inavyoisha. Mzee Sulle akastaafu. Madaftari yake yalihamishiwa stoo, mchwa wakayala yote mpaka majalada. Halafu radi ikapiga nguzo ya umeme nyuma ya ofisi. Kompyuta ilipona, lakini tundu la printa liliungua, na yale matundu mengine ya nyuma ya kuunganishia waya yakaungua pia. Mashine ya utepe ilishakufa zamani, na ile ya disketi ilikuwa inatafuna disketi. Kwa hiyo ikawa hivi: namba zote za ziwa zimo ndani, zinasomeka kwenye kioo vizuri kabisa, na hakuna mlango hata mmoja wa kuzitolea. Na duniani hazipo kwingine.

Niliomba fundi kwa barua, sijui mara ngapi. Hakuja. Nikaifunika kwa kitambaa, kila wiki nikawa naiwasha kidogo isilale moja kwa moja.

Ndipo akaja Injinia Lameck, mkuu wetu mpya. Kijana msomi, safi, viatu vinang'aa hata wakati wa masika. Kila asubuhi alinipa shikamoo yangu vizuri kabisa, halafu ananidharau mchana kutwa. Siku ya kwanza alipofunua kile kitambaa alicheka.

"Mama Happy, hii ipelekwe makumbusho."

"Ina namba za ziwa, Injinia."

"Namba za zamani. Sasa hivi tuna vifaa vya kisasa."

Nikamuuliza vifaa vya kisasa vinajua maji yalikuwa wapi miaka kumi iliyopita? Akaiandika kwenye orodha ya vitu vya kuondolewa.

Pengine ingeondolewa, nami ningenung'unika tu kama watumishi wengine, kama si suala la viwanja. Kamati ya ardhi ya mji ilikuwa imepanga kugawa viwanja kwenye uwanda wa majani upande wa ziwani. Pazuri, tambarare, karibu na barabara. Watu waliokuwa wanapanga chumba kimoja na watoto wanne walifurahi mpaka wakacheza. Na mmoja wa waliopata alikuwa binti yangu mwenyewe, Happy. Fundi cherehani, watoto wawili, mume yuko migodini anakuja mara moja moja. Happy alikwenda kupima kwa hatua mahali pa jiko lake.

Ukaitishwa mkutano. Mzee Sulle alikuja kutoka Mutuka, akasimama, akasema mahali pale si pa nyumba. Akasema maji yalifika pale si mara moja, na yeye mwenyewe alisimama pale yamemfika kiunoni.

Injinia Lameck alikuwa amekaa mbele. Akamwuliza kwa adabu, "Mzee, ushahidi wako uko wapi?"

"Niliyaandika."

"Yako wapi maandishi?"

Mzee Sulle akanitazama. Mimi nilikuwa nimekaa na watu wa ofisi. Nikasema, "Yapo kwenye kompyuta."

"Ile iliyokufa?" Injinia akasema, na watu wakacheka. Sauti moja kutoka nyuma ikasema kwamba huyu mzee ametumwa na wanaotaka eneo lile kwa ajili ya malisho. Nyingine ikasema uzee umeanza kumchanganya. Nilimwona Mzee Sulle akitafuta mahali pa kukaa na kofia yake mkononi. Mtu aliyekataa kunipa hata namba moja ya kubuni, leo anaitwa mwongo mbele ya mji.

Mwenyekiti wa kamati alisema watakutana tena baada ya siku kumi, na mwenye ushahidi aulete. Kwa maandishi, tena yasiwe ya kunakili kwa mkono, maana kila mtu anaweza kujiandikia. Hilo lilinifungia njia, kwa sababu nilishaanza kufikiria kukaa mbele ya kioo na kalamu.

Nilikwenda kwa Injinia. Nikamwambia njia moja imebaki: tuweke kadi ya mtandao ndani ya ile mashine, tuiunganishe kwa waya na kompyuta yangu mpya, tuzivute namba. Akanitazama kama mtu anayemhurumia bibi yake.

"Kadi ya mtandao kwenye hiyo? Mama, hata mimi siwezi."

"Sijakuomba wewe uiweke."

Uso ukabadilika. "Imeshaandikiwa kuondolewa. Jumatatu inakwenda stoo. Naomba usiiguse." Mchana nikaletewa karatasi yenye maneno hayohayo na sahihi.

Niliikunja, nikaiweka kwenye pochi, nikaenda kwa Bwana Salim.

Bwana Salim alikuwa na duka la vifaa vya umeme karibu na stendi. Baba yake alikuja Babati kutoka pwani na biashara ya vitambaa, yeye akabadilisha ikawa redio, kisha kompyuta. Alikuwa wa kwanza kufungua chumba cha intaneti mjini hapa. Nikamweleza. Hakucheka. Aliingia nyuma, nikasikia vitu vinaanguka, akatoka na boksi lenye vumbi.

"Hizi nilizitoa kwenye mashine za kwanza kabisa," akasema. "Chagua."

Nataka mjue nilichagua kwa kuangalia nini. Kwanza, meno ya chini: marefu na manene, yaingie kwenye nafasi za kizamani. Pili, aina: nilitafuta ile iliyokuwa inaigwa na kila kiwanda, kwa sababu Unix yangu ilikuja na draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, ya aina hiyo tayari ndani. Tatu, jampa. Ni vile vipini vidogo vya plastiki unavyovihamisha kwa mkono kuiambia kadi iweje. Kadi ya jampa haihitaji programu ya kuipanga. Unaiona kwa macho imepangwaje. Niliipata moja, ina matundu mawili nyuma: la mviringo la waya wa kizamani, na la mraba kama la simu ya mezani, linaloingia waya mnaoutumia ninyi.

"Nitakuja Jumamosi kukuangalia," Bwana Salim akasema. "Sijawahi kuona mtu akifukuzwa kazi kwa kadi."

Jumamosi saa mbili asubuhi nilifungua ofisi kwa ufunguo wangu. Mzee Sulle alikuwa amefika, baiskeli ameiegemeza ukutani. Sikumwita. Alisema tu, "Nimesikia," akakaa.

Hatari ya kazi ile haikuwa kadi. Ilikuwa diski. Diski iliyozeeka namna ile kila ukiizima hujui kama itazunguka tena. Na huwezi kuchomeka kadi bila kuzima. Yaani kila nikikosea, nazitia namba zote rehani upya. Niliomba kimoyomoyo, nikazima, nikafungua, nikachomeka, nikawasha. Diski ikalia, ikazunguka. Nikaunganisha upya kile kiini cha mfumo, ile programu mama inayoamka kabla ya nyingine zote, nikaiongezea draiva ya kadi. Hapo mnisikilize: kiini cha zamani sikukifuta. Nilikipa jina jingine nikakiacha pembeni, ili kipya kikigoma nirudi kwa cha zamani. Nimeona watu wenye digrii wakisahau hilo.

Ikaamka. Kwenye kioo kadi haikutajwa popote. Kama vile sijaweka kitu.

Nikafanya ujinga. Badala ya kufikiri, nikazima, nikaihamishia nafasi nyingine. Hakuna. Nikazima tena, nikaihamishia ya tatu, nikawasha, na diski ikasema *tik*. Ikanyamaza. *Tik*. Ikanyamaza.

Bwana Salim alikuwa ameshafika wakati huo. Akasema polepole, "Mama Happy, hiyo imekwenda."

Mzee Sulle hakujua diski ni nini, lakini aliuelewa ule uso wangu. Alisimama.

Hasira zilinipanda, na zilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilichomoa umeme, nikafungua skrubu nne, nikaitoa ile diski ikiwa bado na nyaya zake, nikaishika kwenye kiganja. Nikamwambia Bwana Salim, "Nikisema washa, washa." Akawasha, na sekunde hiyohiyo nikaizungusha ghafla mkononi, kulia kisha kushoto, kama unavyogeuza kifundo cha mkono kufungua chupa. Kile kinachokwama ndani kikakwamuka. Ikalia, ikazunguka. Diski zenu za leo msizifanyie hivyo. Mtaziua, mseme mama ndiye aliyewafundisha.

Nikakaa chini. Nikasema hatuzimi tena mpaka nimejua. Nikachukua karatasi, nikaandika kila kitu ambacho mashine inataja inapoamka, mstari kwa mstari. Kila kadi iliyomo ndani ina anwani yake, kama namba ya nyumba. Kadi mbili zikiwa na namba moja ya nyumba, posta anachanganyikiwa, barua haifiki kokote. Nikasoma orodha yangu mara mbili, na nikaona. Kadi ya ile mashine ya utepe, iliyokufa miaka mingi, bado ilikuwa imekaa ndani na anwani ileile niliyoipa kadi mpya. Maiti inakalia nyumba.

Nikazima. Nikahamisha jampa ya anwani kwa kibanio cha nyusi, kile cha wadada, hakuna chombo bora kuliko hicho. Nikawasha, ikaamka. Nikairekebisha draiva ipate anwani mpya, nikaiwasha upya kwa amri tu, bila kukata umeme, na kioo kikaandika jina la kadi na namba yake ya kiwandani. Nikapiga makofi. Bwana Salim akasema alhamdulillah. Mzee Sulle akauliza, "Zimetoka?"

"Bado, mzee. Sasa ndiyo ina mlango."

Nikaunga waya kutoka kwenye kadi hadi kwenye swichi, kile kisanduku cha kukutanishia waya za mtandao, na kutoka kwenye swichi hadi kompyuta yangu mpya. Nikaziandikia zote mbili anwani za mtandao. Nikaandika ping, amri ya kuita mashine ya pili uone kama itaitika. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu la swichi, nikakagua anwani herufi kwa herufi. Kimya. Ilikuwa saa saba mchana, tumekula karanga tu.

Bwana Salim ndiye aliyeokoa. Alikuwa anaitazama taa ya swichi, haiwaki. Akajipiga kwenye paji la uso.

"Mimi hizi nilizitumia kwa waya wa mviringo! Kadi inaongea kupitia tundu la mviringo. Hili la mraba limefungwa!"

Nalo lilikuwa na jampa yake. Maana yake kuzima tena. Mara ya tano. Tulitazamana.

"Unaweza kuacha," akaniambia. "Umefika mbali. Ukiizima ikakataa, hata kuzisoma kwenye kioo hutaweza."

Nikamgeukia Mzee Sulle. "Mzee, namba ni zako. Nikizima, huenda zikapotea zote. Nisipozima, zitabaki humo humo na Jumatatu zinakwenda stoo."

Hakufikiri hata kidogo. "Humo ndani zinamsaidia nani? Zima."

Nikazima. Nikahamisha jampa. Nikaishika diski kiganjani, Bwana Salim akawasha, nikaizungusha tena. Ikalia. Ikasita. Ikazunguka. Kabla mashine haijamaliza kuamka, taa ya swichi ikawaka kijani. Nikaita. Kompyuta ya pili ikaitika, mstari mmoja, wa pili, wa tatu, ukawa unashuka kioo kizima, na mimi siuzuii, nauangalia tu.

Faili lilivuka kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuwasimulia. Nililihesabu mistari huku, nikahesabu kule. Sawasawa. Nikapiga hesabu ya ukaguzi pande zote, ile inayobadilika hata herufi moja ikikosewa. Sawasawa. Msiamini kamwe kwamba kitu kimevuka mpaka mmehesabu pande mbili. Nikatengeneza nakala tatu, moja nikampa Bwana Salim akae nayo dukani.

Ndipo nikazisoma, na nikaona kitu kilichokuwa kimetoka kabisa kichwani mwangu. Kwenye zile siku zisizo na namba, sehemu ya maelezo ya herufi sita, palikuwa pameandikwa KIBOKO. Mwezi huu mara moja, mwezi ule mara mbili. KIBOKO.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwa Happy. Nilimkuta anakata kitambaa cha sare. Nikamwambia nimezitoa namba, na maji yalifika kwenye viwanja. Mkasi ukasimama.

"Kwa hiyo unakwenda kunipokonya kiwanja, mama."

"Nakwenda kuonyesha namba."

"Hizo namba zingekaa huko zilikokaa. Nani angejua?"

"Mimi ningejua. Na wanao wangelala mle."

"Wanangu wanalala kitanda kimoja na mimi sasa hivi!" Akaanza kulia kwa hasira. Ilikuwa kweli. Niliondoka bila chai.

Kwenye kikao niligawa karatasi zilizochapwa. Injinia Lameck alizipekua haraka haraka, akasema haziaminiki, mashine ni mbovu, zingeweza kuwa chochote. Mjumbe mmoja, mama muuza nafaka sokoni, akanyanyua kidole kutoka kwenye karatasi.

"Hapa pameandikwa kiboko. Ndiyo nini?"

Mzee Sulle akasimama. "Siku hiyo kiboko alisimama kwenye kipimo."

"Sasa?"

"Sasa sikwenda. Ungekwenda wewe?"

Kikao kizima kikacheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Yule mama hakucheka. Aliendelea kupekua. "Siku zote ulizoshindwa kusoma umesema umeshindwa," akasema. "Mwongo angejaza." Akamgeukia mpima ardhi aliyekuwepo, akamwambia alinganishe alama ya ubao na mawe ya viwanja. Mpima akapiga hesabu yake palepale mezani, akaifuta, akapiga tena. Akasema kwa misimu mitatu iliyomo humo, maji yalisimama juu ya mawe ya viwanja vyote vya mstari wa mbele na vingi vya nyuma yake. Mwenyekiti akafunga faili. Viwanja vilihamishwa juu, ng'ambo ya barabara, na ugawaji ukaanza upya.

Mnataka niwaambie kwamba baadaye maji yalikuja yakafunika uwanda ule, na Happy akaja kunipigia magoti. Hapana. Maji hayajafika pale tangu siku ile. Yamekaribia, hayajafika. Happy alikaa miezi bila kunisemesha, na ugawaji wa pili ulimpa kiwanja kidogo, chenye mawe, mbali na barabara. Amejenga. Mpaka leo tukigombana hunikumbusha ule uwanda, na mimi humwambia namba zilisema maji yalifika wapi, hazikusema yatarudi lini. Hatujakubaliana. Hatutakubaliana.

Mashine ilipelekwa stoo Jumatatu ileile kama ilivyoandikwa. Sikuizuia. Nilikuwa sina shida nayo tena. Mimi nilipelekwa masijala, kupanga mafaili, mpaka nilipostaafu. Injinia Lameck alihamishiwa mkoa mwingine, na kabla hajaondoka aliniomba nakala ya namba za ziwa, anazihitaji kwa andiko lake la chuo. Nikampa. Ziwa si langu.

Barua nimeiacha mwisho, kwa sababu naipenda. Baada ya kikao kile nilipewa siku saba za kujieleza kwa maandishi, kwa nini niligusa mali ya ofisi niliyokatazwa kuigusa. Sikuhitaji siku saba. Nilikaa kwenye kompyuta yangu asubuhi hiyohiyo, nikaandika:

"Ni kweli niliifungua, Jumamosi asubuhi, kwa ufunguo niliokabidhiwa na ofisi. Niliizima mara tano na mara zote tano iliwaka. Namba zote zilizokuwa ndani ziko nje, nakala naiambatanisha. Hali ikiwa ileile na katazo likiwa lilelile, nitafanya vilevile."

Dada wa masijala aliisoma yote kabla ya kuigonga muhuri wa kupokelewa. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mama Happy, huu mstari wa mwisho tuutoe?"

Nikamwambia, "Gonga."